Ngoja Pampu Inong'one

Sogeeni karibu, wanangu, lakini angalieni msikanyage huo mpira unaoniletea hewa puani, maana mkiukanyaga wosia huu utakwisha kabla sijauanza, nanyi mtabaki mnagombania hata vijiko. Wewe, mwanangu Rudi, acha kusimama mlangoni kama mgeni, keti hapo juu ya sanduku la mama yako. Marlena, njoo mkono wangu wa kushoto, na hiyo simu izime. Mimi Lojze Perko, mwana wa mji wa Pueblo, niliyezaliwa katika mtaa ambao mbingu yake ilikuwa nyekundu kwa tanuru za chuma, akili zangu ni timamu na pumzi zangu ni kidogo, na hizo kidogo nimeziweka akiba kwa ajili ya leo. Sikilizeni, na asinikatize mtu.

Yaliyo mepesi nayamaliza kwanza. Nyumba hii ni ya Marlena, kwa kuwa ndiye aliyerudi kuishi humu nilipoanza kukohoa, na Rudi ulishakubali, basi hilo tusilirudie. Vyombo vya gereji, spana, jeki na mashine ya kuchomelea, ni vya Rudi, na dada yako akivihitaji umpe bila kununa. Ile ngazi ndefu iliyo nyuma ya gereji si yetu. Ni ya jirani Pagnotta. Niliiazima tukiwa bado tunaamkiana, kisha akasema mbele ya watu, tukitoka kanisani, kwamba gari langu linanuka petroli kuliko kituo cha mafuta, nami nikaapa ngazi haitoki uani kwangu. Mrudishieni. Mwambieni nimemsamehe, na mwambieni pia kwamba alisema kweli, lakini hilo la pili mwambieni baada ya mazishi.

Sasa gari. Ndilo lililowafanya msisemeshane tangu majani yaanze kupukutika, hii Chevelle ya mama yenu, ya mwaka wa sabini, yenye silinda nane na rangi ya kijani aliyoichagua mwenyewe. Msidhani sikuwasikia mlipokuwa jikoni. Ukuta huu ni wa mbao, na kwangu yaliyooza ni mapafu, si masikio. Rudi ulisema, "Umemtoa Baba moyo angali hai, ukamtia kompyuta!" Na wewe Marlena ukamjibu, "Afadhali kompyuta kuliko wewe, unayekuja Krismasi na kuondoka na mabaki ya chakula." Halafu Rudi ukaapa kwamba siku nitakapofukiwa utang'oa injekta zote na kuirudisha kabureta, na Marlena ukaapa kwamba akifanya hivyo, basi wewe huna kaka. Hilo ndilo linalonizuia kufa, wanangu. Madaktari wanajisifu bure. Ni hilo.

Rudi, mimi nakuelewa. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yako wewe ni pale kijitoni, chini kidogo ya kijiji cha Garfield. Siku zile mtu wa bondeni mwenye akili hakupanda njia ya mlima wa Monarch na kabureta ya bondeni. Hewa ya kule juu ni nyepesi, kabureta, inayochanganya petroli na hewa, haina habari, inamwaga petroli ileile, na injini inapaliwa, inatoa moshi mweusi, inakohoa mpaka inazimika kwenye kona mbaya. Basi kila tulipokwenda Gunnison kwa dada yake mama yenu, tulisimama pale kijitoni, nikainua boneti, nikaifungua kabureta, nikatoa jeti za bondeni, vile vijiskrubu vya shaba vyenye tundu, nikatia za mlimani zenye tundu jembamba zaidi, huku mama yenu akikata potica, mkate wetu mtamu uliokunjwa na jozi ndani, juu ya buti la gari na ninyi mkirusha mawe majini. Nikawasha, nikasikiliza, nikaenda nyuma nikanusa moshi, nikarudi nikageuza skrubu kidogo, nikaenda tena kunusa. Mama yenu Olga alikuwa akiniambia, "Lojze, ungeninusa mimi hivyo, ungekuwa mume wa kutangazwa gazetini." Ha! Msinichekeshe, kifua kinauma. Na wakati wa kurudi tulisimama palepale, nikatoa za mlimani nikatia za bondeni, na potica ilikuwa imebaki kidogo, mkaigombania.

Kwa hiyo ulipoikuta kabureta kwenye rafu imefungwa kwa taulo, uliona kama kijito kimekauka. Najua. Lakini sababu hukuambiwa, kwa kuwa mimi sikutaka uambiwe, na dada yako nilimwapisha. Sipendi kuhurumiwa, hata na wewe. Sasa isikie. Ile harufu ya kabureta, niliyoipenda kuliko uvumba wa kanisani, ilianza kunikaba. Nikikaa ndani ya gari lile, hata likiwa limezimwa, kifua kilinibana mpaka midomo ikageuka rangi. Daktari akasema nisilikaribie tena. Nikawa nalitazama kutoka dirishani, gari la mke wangu, na siku moja Marlena akanikuta nalia. Akasema, "Mzee, kama wewe huwezi kuingia kwenye gari, gari ndilo litakalobadilika."

Nilimkatalia, tena kwa maneno ambayo padri asingependa kuyasikia. Akachukua kiti akaniweka mlangoni mwa gereji, upepo ukinijia kutoka mgongoni ili harufu isinifikie, akasema, "Wewe kaa hapo utukane, mimi nifanye kazi." Nikatukana. Yeye akashusha tangi, akaweka ndani yake pampu mpya yenye nguvu ya kupasua mipira yetu ya zamani, akapitisha bomba jipya kutoka nyuma hadi mbele, na jingine la kurudisha mafuta yasiyotumika. Pale ilipokuwa kabureta akaweka hizo injekta, zinazonyunyiza petroli kama ukungu. Kisha akalitoboa bomba la moshi, akachomelea mdomo mdogo, akakaza humo kijiti kisichozidi plagi kwa ukubwa. Nikaacha kutukana, nikamuuliza, "Na hicho?" Akasema, "Hii sensa ndiyo pua, Baba. Inanusa moshi, inajua hewa iliyobaki humo ni kiasi gani, inaiambia kompyuta, na kompyuta inaongeza petroli au inapunguza." Nikamuuliza, inanusa mara ngapi? "Wakati wote," akasema. "Injini ikiwaka, hata tukipiga domo hivi, yenyewe inanusa."

Mimi nimenusa moshi wa gari lile tangu nikiwa na nywele, na pua hii iliniletea heshima mtaa mzima, na kumbe kazi yangu inaweza kufanywa na kijiti ambacho hakichoki, hakipati mafua, wala hakiendi kulala. Nilidhani nitakasirika. Sikukasirika. Nilishikwa na kile kilichonishika siku baba yangu aliponipeleka kiwandani nikaona chuma kikimiminwa kama maziwa, nikasahau kupumua hadi akanipiga mgongoni. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sikujua kwamba uzeeni mtu anaweza kurudishiwa macho ya utotoni.

Kazi ilipokwisha nikasema, nipeleke Monarch. Daktari akasema hapana. Marlena akasema hapana, kisha akaenda kutafuta mitungi ya hewa ya safari. Asubuhi ile kioo cha gari kilikuwa kimeganda barafu. Nikamwambia, "Kanyaga mafuta kwanza!" maana ndivyo tulivyofanya siku zote, unakanyaga ukiomba Mungu, ndipo unawasha. Akasema, "Usikanyage, Baba. Unageuza ufunguo, unangoja pampu inong'one, ndipo unawasha." Tukangoja. Nikasikia nyuma yetu mlio mwembamba, ukaja, ukakoma. Akawasha. Likawaka palepale, bila kuvuta choki, bila kikohozi, na humo ndani hakukuwa na harufu ya petroli hata chembe. Nikapiga ishara ya msalaba.

Sasa Rudi, hapa ndipo ninapotaka masikio yako yote mawili. Tulipofika chini ya Garfield, dada yako aliacha barabara akasimama kijitoni. Akazima. Akashuka, akainua boneti, bisibisi mkononi, na mimi nilikuwa nimeshateremsha kioo nimwambie asiangushe jeti kwenye majani. Kisha akabaki amesimama. Hapakuwa na jeti. Hapakuwa na cha kufungua. Akageuka akanitazama: "Baba, mimi nimesimama hapa kufanya nini?" Tukacheka mpaka mtungi wangu ukaanza kupiga kelele. Halafu akakaa chini kwenye changarawe akalia, huyu unayemwita mtu wa kompyuta. Alisema, "Rudi angekuwepo sasa hivi angekuwa ameshanilowesha kwa mawe yake." Hakukuambia, kwa sababu kiburi mmekirithi sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Nakuambia mimi.

Tukapanda. Nilikuwa naingoja ile kona ya mwamba mwekundu ambapo siku zote lilikuwa likianza kukohoa. Kona ikaja, kona ikapita. Hewa ikapungua, nikaanza kuhema, Marlena akanifungulia mtungi zaidi. Na gari nalo, hapo chini ya miguu yangu, lilikuwa likijipimia petroli kwa kadiri ya hewa iliyopo, bila kuambiwa na mtu, bila mtu kushuka kwenye baridi na bisibisi. Tukafika juu kabisa, pale penye kibao kinachosema maji ya upande huu yanakwenda bahari hii na ya upande ule bahari ile. Injini ikatulia inanguruma polepole, sawasawa na inavyonguruma uani kwetu. Mahali ambapo mimi sikuweza kupumua, gari la Olga lilikuwa linapumua. Niliogopa, wanangu, lakini ni woga mzuri, ule wa mtu aliyeingia mahali patakatifu amevaa viatu vya matope na hakuna aliyemfukuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale juu nilipona, ila mapafu hayakupata habari.

Nipeni maji... Asante.

Basi wosia juu ya gari ni huu. Ni lenu wawili. Haligawanyiki na haliuzwi. Injekta zibaki. Rudi, kabureta ni yako, pamoja na kijaluba cha jeti, za bondeni na za mlimani. Isafishe, iweke mahali ambapo wanao wataiuliza, nawe uwafundishe kuifungua na kuifunga. Lakini usiirudishe kwenye injini. Moyo wangu haukuwa humo. Ulikuwa kijitoni, na kijito kipo, nimekiona kwa macho haya. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, pandeni pamoja. Rudi aendeshe hadi kijitoni. Msimame, mwinue boneti, hata kama hakuna cha kufungua. Mle potica, na atakayegusa simu arushwe majini. Kisha Marlena aendeshe hadi juu. Nimewasikia majirani wakinong'ona juu yenu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Walishachukua majembe. Nataka... nataka nisikie makapu.

Nimechoka. Rudi, ufunguo huo hapo kwenye kikombe. Ndiyo, sasa hivi, gari si liko hapo chini ya dirisha? Nenda. Marlena, usifute macho kwa shuka langu, nifungulie dirisha... zaidi... baridi haitaniua, kuna wengine mbele yake kwenye foleni.

Ameingia? Mwambie asikanyage. Namjua, mguu ule ni wangu. Rudi! Usikanyage! Geuza ufunguo tu... ngoja... nyamazeni wote...

Hiyo pampu. Mmeisikia?

Sasa.

Aa... Mungu wangu. Limewaka. Halikohoi.

Marlena, shuka ukakae naye. Kile kiti cha mbele, cha mama yako. Nenda, mimi nasikia kutoka hapa. Mungu awape pumzi ndefu, wanangu, bondeni na mlimani... na kila mmoja amsikie mwenzake akipungukiwa... kabla hajaambiwa.

Msizime. Msizime bado.