Marehemu Abdulrahmani bin Pazi na Masinia ya Jua ya Jibondo

Marehemu Abdulrahmani alizaliwa Jibondo tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa kwanza wa Mzee Pazi, fundi wa majahazi, na Bi Kidawa. Alizaliwa katika kisiwa ambacho maji ya kunywa huletwa kwa chombo.

Alisoma Kilindoni, kisha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1970. Likizo moja alichuja maji ya chai kwa kanga ya mama yake. "We Abduli, kanga yangu ya sikukuu umeifanya chujio?" Akajibu, "Mama, nipe na ile ya pili."

Mwaka 1971 alimwoa Bi Sheikha binti Matano wa kijiji cha Kanga, wakajaliwa watoto wawili.

Akiwa mkemia wa maji, mwaka 1977 aligundua kwamba mapipa yaliyoleta maji Jibondo yaliwahi kubeba dawa ya kuulia wadudu. Hakulala. "Uhuru una miaka kumi na sita, na mama zetu wanakunywa sumu!" Alileta unga mweupe wa titani, ule unaotiwa kwenye rangi nyeupe. Ukichanganywa na maji kwenye masinia na kupigwa na jua, huivunjavunja sumu. Kisha maji hutuama na kuchujwa. Masinia alikabidhiwa Bi Chiku binti Mkadam wa kamati ya maji ya kijiji.

Vipimo vya kwanza vilionyesha sumu iko vile vile. Mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, marehemu alimnyooshea kidole Bi Chiku: "Huyu anahujumu ujamaa!" Bi Chiku akaondolewa kwenye kamati, akazomewa hata pwani alipokwenda kupokea maji.

Miezi michache baadaye marehemu alifika bila taarifa, akakuta kila sinia limefunikwa kawa.

"Nani kafunika?"

"Sote, mwanangu," mama yake akamjibu. "Maji ya kunywa yaachwe wazi, nzi wakoge?"

Marehemu aliketi mchangani. Alikuwa amewaeleza habari za unga tu. Hakuwa amewaambia kwamba bila mwanga unga haufanyi kazi. Kawa zikaondolewa, na sumu ikapungua.

Alikwenda kwa Bi Chiku kuomba radhi. "Shikamoo yako marahaba," akaambiwa. "Radhi ya uani siitaki. Umenivua nguo mkutanoni, kanivishe mkutanoni." Aliahidi. Mikutano ikaja, ikapita. Alijiambia kwamba watu wakijua mtaalamu alikosea, watayakataa maji. Mkewe anasema, kila aliposifiwa kwa masinia yale, aliinuka akatoka nje.

Mwaka 1980 aliugua figo. Alifariki Kilindoni alfajiri ya Jumatatu, 9 Februari 1981.

Ameacha mama, mke, watoto wawili na mdogo wake, Ussi, anayesoma wasifu huu. Ameacha pia maneno haya, akaagiza yasomwe kabla jeneza halijanyanyuliwa:

"Bi Chiku hakuhujumu kitu. Alifunika maji kama mtu mwenye adabu. Mkosa ni mimi, na nilijua tangu mwaka 1978."

Mkutano ndio huu, na watu ni wale wale. Bi Chiku akiridhia, Abdulrahmani apumzike kwa amani.