Mama Generosa Anasindikizwa na Sauti ya Baba Yake

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: nilipokuwa kidato cha kwanza, sikwenda sebuleni kwa Matroni kila Jumamosi jioni kwa sababu ya muziki. Nilikwenda kwa sababu santuri ikizunguka pale ni marufuku kuongea, nami nilitafuta mahali ambapo hakuna atakayeniuliza kitu. Muziki nilikuja kuupenda baadaye, bila kukusudia.

Matroni huyo, Mama Generosa Luhende, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na minane ya kulea wasichana wa shule yetu hapa Ilembo.

Aliripoti kazini mwaka 1997 akitokea Sibwesa, amekumbatia gramafoni iliyofungwa kwa kitenge. Mkuu wa shule wa wakati ule alimuuliza godoro liko wapi. Akajibu kwamba Mungu amempa mikono miwili tu.

Alianzia jikoni kabla ya kupewa bweni. Huko aliweka sheria inayofuatwa hadi leo: anayetia chumvi kwenye maharage ni mtu mmoja, na akishatia huchomeka mwiko kwenye kilemba ili wengine waone. Tangi la maji la bweni pia ni kazi yake. Aliisumbua bodi ya shule mwaka hadi mwaka, na nadhani wajumbe walilijenga ili wapate kupumzika. Wasichana wengi wa Katavi wamemaliza masomo kwa sababu alikataa warudi nyumbani. Wengine aliwafuata kwa bodaboda hadi kwa wazazi wao, na dereva akawa anaogopa zaidi ya mzazi.

Gramafoni yake haruhusiwi mtu kuigusa. Hata vumbi, nadhani, huomba ruhusa.

Santuri anayoipenda kuliko zote ni ndogo, na imekwaruzika pembeni. Upande wa pili, ubeti wa mwisho, anaimba baba yake, Mzee Luhende, aliyekuwa na sauti nzito katika bendi ya dansi kule Tabora. Alifariki Generosa akiwa darasa la sita. Hakumsindikiza harusini wala siku ya kwanza ya kazi. Sauti yake haipo popote ila humo. Ndiyo maana Matroni alipoulizwa anataka nini kwenye sherehe ya kuagwa, aliomba kitu kimoja: baba amsindikize.

Tatizo ni kwamba radi ya mwaka juzi iliunguza amplifaya yake. Tangu hapo tulikuwa tunasikiliza santuri kwa kuinamisha masikio karibu na sindano, kama watu wanaosikiliza umbea wa siafu.

Walimu wakachanga, wakamnunulia amplifaya mpya. Mwalimu Fredrick wa fizikia akaiunganisha mwenyewe. Hapa nieleze kidogo. Sindano ya santuri inanong'ona tu. Mnong'ono huo lazima kwanza uinuliwe na kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita priampu, ndipo amplifaya iupeleke kwenye spika. Mwalimu alichomeka waya kwenye tundu la redio nyuma ya amplifaya, ambalo halina msaada huo. Akafungulia sauti hadi mwisho. Kikatoka kilio chembamba mno.

“Mwalimu,” alisema Matroni, “mbu umeshaniletea. Chandarua kinakuja lini?”

Mwalimu Fredrick aliamua kwamba amplifaya haina priampu. Akaenda Makanyagio kwa fundi Celestin, akarudi na kiboksi kimoja chenye priampu. Safari hii Matroni alimsogeza pembeni.

“Kaa. Haya mambo nimeyaanza hujaota ndevu.”

Akapitisha waya wa gramafoni kwenye kiboksi, na waya wa kiboksi akauchomeka kwenye tundu lililoandikwa gramafoni. Tulisikia viboko wote wa Mto Katuma wakigombania tope. Pazia lilitikisika. Kuku wa Mwalimu Mkuu walilala kwa jirani.

Matroni akampigia Celestin simu kwa ukali, sauti ya simu ikiwa imefunguliwa ili sote tusikie.

“Mama, shikamoo. Hilo tundu la gramafoni lina priampu yake humo ndani tayari,” alisema fundi. “Ukiweka na kiboksi zinakuwa mbili.”

Mama Helena, mpishi wetu, alikuwa mlangoni.

“Kumbe, dada! Chumvi mara mbili!”

“Helena, jikoni kuna kitu kinaungua,” alijibu Matroni. Hapakuwa na moto jikoni.

Bila kukiri lolote, alituamuru tujaribu njia zote mbili huku amefumba macho: mara gramafoni moja kwa moja kwenye tundu lake, mara kupitia kiboksi hadi tundu la redio. Priampu ya ndani ilikuwa na mvumo kama mzinga wa nyuki, na sauti nzito ilizama humo. Ya kiboksi ilikuwa tulivu. Alichagua kiboksi mara zote, na Mwalimu Fredrick akatembea wiki nzima kama bwana harusi.

Ijumaa ya sherehe, Matroni aliweka santuri mwenyewe mbele ya uwanja mzima. Mzee Luhende aliimba ubeti wake, mzito na wa taratibu, kana kwamba amesimama nyuma ya spika. Matroni alifunika uso kwa kitenge.

Matroni, kwa niaba ya wasichana wote uliotuamsha tusipotaka kuamka, asante. Nenda Sibwesa ukapumzike, mahindi yako yastawi, na radi ipite mbali na paa lako. Tutakuja kukusalimia, nasi hatutagusa kitu.

Wimbo uliisha. Sindano ikabaki inakwaruza mwishoni mwa santuri, na hakuna aliyethubutu kuisogelea, maana sheria tunaijua. Matroni hakuinua uso. Nilipita mbele ya wageni, nikanyanyua sindano kwa kidole kimoja, nikairudisha mwanzo wa ubeti wa Mzee Luhende. Kisha nikakaa chini, karibu na miguu yake.