Suti ya Kijani kwa Waliokumbwa na Tetemeko

Ndani ya basi, mama muuza maua alikumbatia furushi. Kuli wa bandarini aliyekaa naye akauliza kuna nini.

“Nguo za waliokumbwa na tetemeko ng'ambo, kaka.”

“Dada, mizigo hiyo hurundikana bandarini ikazuia dawa. Tuma hela, wanunue wanachohitaji.”

“Hela nimeshatuma.”

“Sasa hizi?”

Mama akafunua kidogo. Ilikuwa suti moja tu, ya kijani kibichi, ambayo mumewe alikuwa ameapa kuivaa kwenye harusi ya binti yao Jumamosi. Kuli akacheka hadi machozi.

“Huo si msaada, dada. Huko ni kuhamisha maafa!”

Basi likasimama kwenye kituo cha kukusanyia misaada. Mama akasita mlangoni, nusu ya abiria wakipiga kelele, “Shuka!” na nusu, “Rudi!”