Moyo Niliouona kwa Macho Yangu

Uzair, Naeema, sogeeni karibu wanangu, na mto huu wa tatu msiuondoe, maana nikilala chali maji yananijaa mapafuni. Akili zangu bado ninazo.

Nyumba ya Nyamasaria kadhi ataigawanya. Mama yenu asihamishwe humo. Baba yenu mdogo Usama nendeni mkamwombe radhi kwa niaba yangu, kwani miaka tisa iliyopita aliniambia nikapime sukari, nami nikamfukuza kibandani pale Kibuye mbele ya wateja, nikidhani analimezea mate karai langu la halua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa mkuu nilikuwa mimi.

Sisi wapika halua hatuamini mizani. Kila karai huonjwa kwa kidole, mara sita, mara saba, na ulimi wa mzee ndio wa mwisho. Nimeonja miaka arobaini. Kiu nikasema ni joto la moto, na kwa kuwa kifua hakikuniuma hata siku moja, nikajiona mzima.

Juzi daktari alinipaka mafuta baridi kifuani, akapitisha kifaa, nikauona moyo wangu kwenye skrini. Wallahi nililia. Kipande cha nyama kama ngumi, kimefanya kazi tangu tumboni mwa mama bila kuombwa wala kulala, hata nilipokuwa nikikidhuru. Mishipa haijaziba, alisema, ila sukari iliyokaa kwenye damu miaka mingi imeudhuru msuli wenyewe, ukakakamaa kama shira iliyopitiliza motoni. Unakaza, lakini kulegea upokee damu ni shida. Nikasema subhanallah, na bado unapiga.

Uzair, karai ni lako. Lakini nimekuona ukimaliza jagi la maji kabla ya adhuhuri, ukasema ni joto, na maneno hayo yalikuwa yangu. Hulishiki karai hilo kabla sijajua sukari yako. Naeema, chukua kimashine changu cha kupimia, mdunge kidole sasa hivi. Usinitazame hivyo, baba, lete mkono. Ngapi? Sema kwa sauti.

Kumi na nne.

Basi, imepanda. Mimi nilipokubali kupima ilikuwa ishirini na tisa, miguu imeshavimba. Wewe umewahi. Kesho asubuhi uende kliniki, hata kama... hata kama ndiyo siku ya kunizika. Watanizika wengine.

Radhi zangu mnazo... nyote wawili. Mola awalinde. Naeema, kidole chake bado kinatoka damu. Mfute... mfute polepole.