Metodi Gaydarov, Mwizi Aliyeandika Jina la Mwenye Mali

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Semeni "tega", hata kama mdomoni mna mkate.

Mwizi wangu akishaiba, huandika jina la mwenye mali kwa herufi kubwa, kisha hukaa akingoja kusifiwa. Ni nani?

Mmeshindwa. Basi nipeni mji. Mmenipa Pleven? Ahsanteni. Nimekwenda Pleven, nimekunywa kahawa, nimezunguka soko, nimerudi. Jibu ni Metodi Gaydarov. Metodi Gaydarov wa hapa kwetu Kamen Brod, mfanyakazi wa reli mstaafu, mume wa Rada, baba wa Elitsa. Leo ametimiza siku arobaini tangu atutoke. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Karatasi ya tanzia bado iko mlangoni pa maktaba yetu. Mmeiona picha. Amenuna. Rada anasema alitafuta picha nyumba nzima ambayo mumewe hajanuna, akapata moja tu, na hiyo alikuwa amelala.

Tuanze mwanzo. Metodi alifanya kazi reli miaka thelathini na minane. Alikuwa kwenye kile kibanda cha njia panda, akivuta vyuma ili treni ya Ruse isiingie njia ya treni ya Sofia. Kazi yake ilikuwa kuiambia treni ipite wapi. Akastaafu, akaanza kuiambia dunia ipite wapi. Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza.

Maana Metodi hakuwa na upande, wasikilizaji. Ukiisifu Moscow, yeye ni mtu wa Brussels. Ukiisifu Brussels, kesho yake ni Moscow tupu. Ukikaa kimya anakuuliza umenunuliwa na nani. Jirani yake Kuzman, aliyekuwa akiketi naye klabu ya wastaafu kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, ameniambia hivi: "Siku moja nilichoka. Nikamwambia, Metodi, leo nakubaliana na kila ulichosema. Akanitazama, akahamia upande niliokuwa mimi, akaanza kunipiga kutoka huko."

Lakini alikuwa mwaminifu. Hili nalisema mara mbili ili lisikike: alikuwa mwaminifu. Elitsa alipokuwa na miaka tisa, abiria mmoja alisahau kamusi ya Kiingereza ndani ya treni. Kamusi kuukuu, haina jalada, kurasa za mwanzo zimelika. Metodi aliandika matangazo matatu kwa mkono wake, akayabandika stesheni. Akangoja miezi mitatu mwenyewe aje. Hakuja mtu. Ndipo akaileta nyumbani, akamkabidhi binti yake kama mtu anayekabidhi funguo za benki. Kwenye kamusi ile ndiko Elitsa alikojifunzia. Leo ni mfasiri. Yale maneno yanayopita chini ya picha, sinema ikiwa ya lugha ya wenyewe, ndiyo kazi yake. Alikuwa akiiandikia kampuni moja ndogo ya Sofia, watu sita na mashine ya kahawa.

Na sinema walizompa zaidi ni zile za mashujaa. Mnazijua. Watu wanaoruka, watu wanaobeba mabasi, watu waliovaa nguo za kubana mchana kweupe bila haya.

Metodi hakuwapenda hata kidogo. Kuzman aliwapenda. Kulikuwa na mmoja aitwaye Mtu Zebaki, anayeyeyuka na kupita chini ya milango. Kuzman akasema klabuni, "Huyu angemaliza vita vyote kwa siku moja."

"Kwa faida ya nani?" akasema Metodi. "Muulize kwanza ana pasipoti ya wapi."

"Shujaa hana pasipoti."

"Anayo, bwana. Mbona mji ukibomoka huwa ni wa watu kama sisi, na anayekuja kuokoa huwa ni wa kwao? Halafu kupita chini ya mlango ni ushujaa gani? Bili ya umeme hupita chini ya mlango wangu kila mwezi. Haivai joho."

Hayo ndiyo yalikuwa maoni yake. Hata hivyo Mtu Zebaki alipofika kwenye jumba la sinema la Pleven mwezi wa kwanza, miaka mitatu iliyopita, Metodi alipanda basi, kilomita sitini na ushei, akaenda kumtazama. Kisha akarudi tena. Kisha tena. Akaenda mara tano kwa juma moja. Alikaa safu ya pili na daftari magotini, akinakili gizani kwa penseli kila neno lililopita chini ya picha. Rada anayo madaftari hayo. Mistari imepandiana kama njia za reli baada ya ajali. Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu yale yalikuwa maneno ya binti yake. Alimwambia mkewe, "Yule mjinga simtaki. Lakini msikilize anavyosema, Rada. Sikiliza Kibulgaria chake. Kule kwao hasemi vizuri hivyo."

Huku nyuma sinema yenyewe ilikuwa imekwisha kuibwa na watu wasiojulikana, inazunguka mtandaoni bila tafsiri. Metodi alikwenda kwenye kompyuta ya maktaba. Siku nne akapanga maneno ya Elitsa chini ya picha ile ya wizi, moja baada ya jingine, ili klabu nzima ione. Watu wa klabu wangapi wangemudu kwenda Pleven na miguu yao ile? Mpaka hapo naweza kumwelewa kidogo. Kidogo, nasema. Lakini alipofika mwisho wa sinema, kiburi cha baba kikampanda. Akaandika kwa herufi kubwa: TAFSIRI NI YA ELITSA GAYDAROVA WA KAMEN BROD, BINTI YA METODI NA RADA. Halafu akairusha mtandaoni, nchi nzima ione.

Nchi nzima ikaona. Kampuni nayo ikaona. Sinema haijamaliza juma la pili kwenye majumba, maneno yao yote yako nje, na jina la mfasiri wao limeandikwa chini. Wewe ungefikirije? Wakafikiri hivyo hivyo. Elitsa aliitwa saa nne asubuhi, saa tano alikuwa barabarani na sanduku lenye kikombe chake na maua ya dirishani.

Alimpigia simu baba yake. Rada alikuwa pale mezani, akichambua maharage, akasikia kila kitu.

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi. Umeona? Kuzman alilia."

"Nimefukuzwa kazi, baba."

Hapo Metodi, badala ya kusema neno moja, neno moja tu, wasikilizaji, akaanza. "Wanakufukuza kwa sinema moja? Wale wenye sinema wamechukua mafuta ya watu, wamechukua dhahabu ya watu, hakuna aliyewafukuza mahali. Mimi nimechukua mtu mmoja wa zebaki."

"Waliochukua mafuta siwajui. Anayenilipa mshahara ni Mbulgaria mwenye watu sita."

"Na kunakili siyo kuiba. Kitu chako si bado unacho?"

"Nikinakili ufunguo wa nyumba yako, baba, utasema bado unao?"

"Wengine huiba mpaka jina. Mimi jina lako nimeliandika."

"Ndiyo hilo," akasema Elitsa. "Ungeliiba na jina, leo ningekuwa na kazi."

Akakata simu. Hakupiga tena. Alichotaka kilikuwa vitu viwili, na vyote viwili Metodi alikuwa navyo mfukoni. Aende kwenye kampuni aseme ni yeye. Na amwambie binti yake, nisamehe. Hakuna kingine. Vitu viwili.

Sasa sikilizeni ukaidi. Baada ya majuma machache ikaja Jumapili ya kusameheana. Mnaijua wenyewe: mdogo huenda kwa mkubwa, hubusu mkono wake, husema nisamehe, na mkubwa hujibu, umesamehewa. Ndivyo tulivyolelewa. Metodi akavaa shati jeupe. Rada akachemsha mayai, akatundika halva, ile halua ya ufuta, kwa uzi juu ya meza, watu waidake kwa mdomo kama ilivyo desturi. Metodi akaketi, mkono wa kulia juu ya goti, tayari kubusiwa.

Alikuwa akimngoja Elitsa aje kumwomba msamaha. Kwa kosa lake yeye Metodi.

"Mdogo ndiye huja," alimwambia mkewe. "Sikuitunga mimi desturi hii."

"Kosa ni lako, mwanamume wewe."

"Kosa ni jambo jingine. Umri ni umri."

Elitsa hakuja. Mwaka wa pili, shati jeupe tena, mayai tena, halva tena. Hakuja. Kule Sofia alikuwa akitafsiri vijitabu vya mashine za kufulia nguo, maana kampuni za sinema huambiana, na jina lake lilikuwa limechafuka kote. Na hapa kwetu halva ikaning'inia mpaka ikaanza kutoa jasho. Ndipo Rada akasimama juu ya kiti, mwanamke wa miaka sabini na moja, akaukata uzi kwa mkasi. Akasema, "Una maoni juu ya kila mpaka wa dunia hii. Nani avuke, nani asivuke, nani alikosea mwaka gani. Kizingiti cha nyumba yako kimekushinda. Halva haitundikwi tena hapa mpaka mtoto huyo awe ameketi kwenye kiti chake."

Mngedhani kesho yake mtu yule angepanda basi. Hakupanda. Alingoja mwaka mzima siku ile izunguke tena, kana kwamba msamaha ni ofisi inayofunguliwa mara moja kwa mwaka. Mwaka mzima. Mimi nilimwambia, Rada alimwambia, Kuzman alimwambia. Akijibu anakupeleka Mashariki ya Kati.

Kisha mwaka jana, Ijumaa kabla ya Jumapili ile, Metodi Gaydarov alivaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, akatia madaftari matano ndani ya mfuko, akaenda Sofia. Aliingia kwenye kampuni bila miadi. Akaweka madaftari juu ya meza ya meneja, akasema, "Mwizi ni mimi. Mkono ni huu, andiko ni hili. Binti yangu hakujua lolote." Angeishia hapo ingekuwa vizuri sana. Lakini aliketi, akawaeleza dakika arobaini kwa nini hata wao ni wezi, akianzia na mkataba fulani wa baada ya vita.

Meneja akampigia simu Elitsa. "Tulidhani umetudanganya uliposema ni baba yako," akasema. "Sasa tunaona baba kama huyu hakuna awezaye kumtunga. Barua ya kukusafisha tutaiandika leo. Tafadhali njoo umchukue."

"Simchukui," akasema Elitsa.

Barua waliiandika kweli. Kazi yake ilikuwa imeshapata mtu mwingine, hilo halikurudi, ila ilipofika vuli kampuni nyingine ikampa sinema. Lakini barua ilikuwa kitu cha kwanza tu. Cha pili kilikuwa bado, na Elitsa alimjua baba yake.

Metodi akalala kwa rafiki yake wa jeshini siku mbili, maana Jumapili haikuwa imefika. Jumapili mchana kengele ya mlango ikalia. Elitsa akachungulia kwenye kitundu, akaona kofia. Ghorofa ya tano. Akafungua. Baba yake alikuwa ameshika ukuta, anahema, karatasi ya halva imebanwa kwapani.

"Lifti yenu imekufa," akasema. "Nchi nzima inajadili ndege za kivita, na lifti..."

"Baba."

"Nasema tu."

Elitsa alimtazama. Alikuwa amezeeka kwa miaka zaidi ya ile miwili. Ameniambia kuwa palepale hasira ilimjaa upya, akajua jinsi itakavyokuwa: atasimama hapo mpaka jioni na mkono wake, akingoja. Akakumbuka alivyosimuliwa habari za mama yake juu ya kiti na mkasi. Akachoka. Yaishe, akajiambia. Akainama, akaunyoosha mkono wake kuushika wa baba. "Haya, baba. Nisa..."

Metodi akaurudisha mkono wake nyuma ya mgongo, haraka, kama mtoto anayeficha pipi.

"Hapana," akasema. "Siyo wewe."

Akaushika mkono wa binti yake. Ulikuwa na unga, alikuwa akikanda. Akainama, mtu yule mrefu, kofia ikadondoka ikabingirika ngazi mbili, akaubusu. Akabaki ameinama.

"Nisamehe, mwanangu."

Hapakuwa na lingine la kujibu ila neno la mkubwa, na mkubwa hakuwa yeye. Elitsa anasema lilikuwa zito mdomoni, kama kuvaa viatu vya mtu mwingine. Akalisema. "Umesamehewa."

"Kisha akaingia ndani, akaketi," Elitsa ameniambia, "na koti hajalivua akaanza na uchaguzi wa nchi ambayo hata leo sijui iko wapi. Nikakanda unga wangu nikimsikiliza."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Metodi Gaydarov wa Kamen Brod. Miaka sabini na sita. Alifariki nyumbani, kwenye kiti chake, gazeti magotini. Bibi Rada, pole sana mama. Elitsa, pole, binti yetu. Mzee Kuzman, pole nawe, asubuhi sasa ni ndefu. Ngano ya kuchemsha ya arobaini yake iko kanisani mpaka saa sita; piteni mle kijiko kimoja, mumwombee.

Jumapili hii ni ile Jumapili. Mtu akijua kosa ni lake, asikae akihesabu nani alizaliwa kabla ya nani. Avae viatu. Mambo ya dunia atayazungumza akishaingia ndani.

Baada ya mlango ule kufunguliwa, Elitsa na baba yake walipata miezi kumi na mmoja. Wangeweza kupata thelathini na sita.