Honi Mbili za Mzee Breki: Risala ya Klabu ya Bata Mweusi

Mgeni rasmi, mwakilishi wa kampuni inayotengeneza mchezo wa kompyuta wa Reli Ndefu. Mama mwenye nyumba wetu. Majirani na wanachama wenzetu, habari za mchana.

KARIBU UANI

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuacha ofisi yenye kiyoyozi ukaja kukalia viti vyetu vya plastiki. Bila shaka umejiuliza kwa nini klabu ya kompyuta inampokea mgeni wake uani, chini ya kamba za nguo, ilhali chumba cha kompyuta kiko nyuma ya mlango huo wa kijani. Sababu utaisikia mbele. Kwa sasa tunakuomba tu tusipaze sauti, na makofi tupige ya taratibu.

TULIKOTOKA

Klabu hii aliianzisha marehemu fundi redio wa mtaa huu. Alikuwa akiokota kompyuta zilizotupwa na maofisi, anazifuta vumbi kwa brashi ya rangi, kisha anaziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa ni wa bure na haubagui mashine kongwe. Enzi hizo, kabla ya kupakua mchezo wowote tulitafuta kwanza ile picha ndogo ya pengwini, nembo ya Linux, alama ya kwamba na sisi tumekaribishwa. Tulipoiona kwenye ukurasa wa Reli Ndefu tulipiga vigelegele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza nani kaoa.

Tukampa mchora mabango kazi ya kumchora pengwini huyo mlangoni. Kumbe hajawahi kumwona. Akatuchorea bata mweusi mnene, na miguu ya njano, akarudi nyuma kuitazama kazi yake kwa furaha. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia afute? Ndipo tulipopata jina. Tunazikumbuka sana siku zile, mmoja akiendesha treni na wengine tumejazana nyuma ya kiti chake, kila mtu mjuaji, fundi akicheka kuliko wote.

TUNACHOJIVUNIA

Wanachama wamejifunza kuchapa, na mshonaji wa nyumba ya pili amewahi kutushinda sote akiwa na sindano mdomoni. Lakini anayetutia fahari zaidi ni Mzee Breki.

Mzee huyu aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda hadi alipostaafu, na jina hilo alipewa na abiria waliokuwa wakinywa chai ndani ya basi bila kumwagikiwa. Alikuja kwa fundi kutengenezewa redio, akaona treni kwenye kioo, akavuta kiti. Baba yake alikuwa mshika bendera wa reli. Yeye na dada yake mkubwa walikua wakikimbia ukingoni mwa njia kuipungia treni, na dereva aliwajibu kwa honi mbili.

Dada huyo sasa yuko ng'ambo, na kiharusi kimemwondolea maneno. Kwenye simu alihangaika kutamka, akishindwa analia, mzee naye analia, mpwa anakata simu. Ndipo mpwa akamwekea mama yake Reli Ndefu. Tangu hapo, kila Jumamosi mchana kaka anaondoka kituo cha kusini na dada cha kaskazini, wanapishana katikati, na kila mmoja anapiga honi mbili. Dada anabonyeza kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza mzee alivua vipokea sauti, akajifuta macho kwa kofia, akatuambia, "Kanijibu. Dada yangu yule yule, hajabadilika."

Mgeni rasmi, mitambo yenu iliwahi kumfungia mzee huyu ikimshuku ni mdanganyifu anayeendeshewa treni na programu, kwa kuwa hazidishi mwendo hata siku moja na husimama hata kwenye vituo visivyo na abiria. Tuliandika kumtetea, mkamfungulia. Kwa hilo asanteni sana.

KINACHOTUUMIZA

Toleo jipya ulilokuja kutuonyesha leo lina kinga mpya dhidi ya wadanganyifu, na kinga hiyo haikubali Linux. Toleo la zamani mtalifunga mwisho wa mwezi huu. Pengwini ameshaondolewa kwenye ukurasa wenu. Mmeeleza kwamba wachezaji wa Linux ni wachache mno. Ni kweli, mgeni rasmi. Tulikuwa wachache hata siku mliyotukaribisha.

Binti wa fundi, ambaye ndiye msimamizi wetu sasa, alijaribu kuweka mfumo mnaoutaka. Kompyuta ilizungusha kiduara chake mpaka chai ikapoa, kisha ikazima. Kununua mpya ndilo jibu la haraka, na kama lingekuwa ndani ya uwezo wetu, tusingekusumbua.

TUNACHOOMBA

Tunaomba toleo la zamani liachwe wazi, hata kama hamtaligusa tena. Kama ni mzigo kwenu, tupeni idhini tuliendeshe wenyewe kwenye kompyuta zetu. Binti wa fundi anasema ataweza, nasi tunamwamini.

Sasa sababu ya kukaa uani. Leo ni Jumamosi, na Mzee Breki yumo ndani, treni yake iko njiani. Habari ya mwisho wa mwezi hana. Kila mmoja wetu alitumwa kumwambia, na kila mmoja alirudi akisema amemkuta anaendesha. Juzi alimuuliza msimamizi kama honi inaweza kuongezwa sauti, maana dada yake ameanza kusikia kwa shida.

Ukitukubalia, hatakuwa na haja ya kujua. Ikishindikana, tunakuomba uingie umwambie wewe, kwa kuwa sisi imetushinda. Ila usimguse bega akiwa katika mwendo. Simama mlangoni usubiri. Utamwona anabonyeza honi mara mbili, anatulia, anatega sikio, kisha anatabasamu. Hapo ndipo umwambie.

Mungu akurudishe kwako salama, na unaowapenda uwaite wakuitikie.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Bata Mweusi