Kiti cha Enos

Sogeeni, wanangu, na wewe Elam usisimame mlangoni kama mgeni, maana sauti yangu haivuki tena chumba hiki. Shamba ni lako tangu tulipomzika baba yako, na nyumbu wote wa kulimia. Saa ya ukutani ni ya dada yako Barbara. Neno langu zito ni la binti yako Lavina, anayejifanya hajui kwa nini mama yake kapanda seleri, mboga ya karamu zetu za harusi, matuta mengi hivi. Majirani wameshayaona kutoka barabarani, na kila mtu anajua kuna harusi baada ya mavuno, na anayeoa ni Reuben Beiler.

Reuben ni kijana mwema. Lakini dada zake wawili hawatembei, na mdogo wako Enos, Elam, hakutembea. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika sketi yangu. Homa ilimpata Jumamosi, ibada ya kesho yake ilikuwa nyumbani kwetu, mabenchi ya waumini yameshashushwa garini, tukamfunga vitunguu nyayoni kama walivyofanya mama zetu wote, na Jumatatu shingo yake ikalegea kama ya kuku aliyechinjwa. Shangazi yenu Fannie akaeneza kwamba nilimwangusha. Nimemsamehe, ila nilichelewa, akatangulia kaburini.

Sisi hatukujua kwamba ugonjwa huu hurithiwa. Nyinyi mnajua. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: baba ana kijinga chake, mama ana chake, wote wazima, na anayeungua ni mtoto. Mshauri wa kliniki, ile tuliyoijenga kwa kunadi mablanketi tuliyoyashona wenyewe, hatawaambia msioane. Atawapima damu, na mkiwa nacho wote wawili, atawafundisha kumpokea mtoto: apimwe siku anayozaliwa, apewe maziwa yake maalumu, akimbizwe hospitali homa ya kwanza tu. Nilipolisema hili mezani, Elam, ulicheka, "Mama, mtu si ng'ombe." Kweli si ng'ombe, dume la ng'ombe unaliulizia mpaka babu wa babu yake kabla hujalifungulia zizi. Na wewe Lavina ukasema, "Mungu akitupa, Bibi, tutapokea." Nami nilipokea, mjukuu wangu. Nilipokea miaka tisa, kwa kijiko.

Najua hamtakwenda. Naziona nyuso zenu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini anayekufa hapa ni mimi, na masikio yasiyosikia ni yenu.

Nipeni maji... basi, yatosha.

Bwana awalinde mlalapo na muamkapo, asiwapime kwa ukaidi wenu. Lavina, leta mkono. Kile kiti alichochonga babu yako, chenye mikanda ya kifuani, nakuachia wewe. Mkienda kliniki na Reuben, kipasueni kiwe kuni za harusi. Msipokwenda... msikiuze. Ile mikanda ipakeni mafuta. Imekauka... itamkwaruza.